Sanduku la Bati

2 Juni 2024, Igalula

Shangazi amekataa nilale na sanduku la babu. "Utalisoma hapa hapa barazani, mchana, nikikuona." Basi yeye anabangua karanga, mimi nafungua karatasi. Sanduku ni la bati, zamani lilikuwa kijani, komeo limefungwa kwa waya wa bani ya tumbaku. Watoto wametumwa wakacheze mbali.

Nilitegemea picha. Hakuna hata moja. Kuna stakabadhi za kodi, mafungu kwa mafungu, zimefungwa kwa uzi wa katani. Kodi ya kichwa ya enzi za Mwingereza, kisha za halmashauri baada ya Uhuru, halafu kodi ya maendeleo ya miaka ya themanini. Babu hakuzitunza kwa mapenzi. Enzi hizo mgambo akikukuta njiani huna stakabadhi, unalala lokapu, na hakuna wa kukuamini kwamba umelipa. Shangazi anakumbuka akiwa mdogo baba yake akienda mnadani na fungu zima kifuani, hata za miaka iliyopita, maana karani mpya huweza kudai na ya juzi.

Kila moja ina jina lake, jina la baba yake, kijiji, eneo la mtemi, kiasi, sahihi ya karani, dole gumba. Karani wa mwaka huu kaandika jina kwa R, wa mwaka unaofuata kwa L, mwingine kalikata nusu kwa sababu nafasi kwenye fomu ilikuwa finyu. Ukizipanga zote unaona mtu mmoja anayehama na kurudi. Kuna miaka mitatu mfululizo haina kitu. Nimemuuliza Shangazi alikuwa wapi. "Alikuwa mkonge."

Chini kabisa sanduku limetandikwa gazeti, limegandamana na kutu. Sijaligusa.

4 Juni

Kipande kimepatikana, ndani ya kitabu cha mauzo ya tumbaku. Kadi ngumu ya mkonge, vyumba thelathini vya siku, kila siku aliyomaliza kazi imepigwa alama. Namba yake ni kubwa kuliko jina. Siku alizoumwa hazina alama, na ambazo hazina alama hazina mshahara, na kadi haiishi mpaka siku thelathini zitimie, hata zichukue miezi miwili.

Mwaka ni 1946. SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua, ilianzishwa 1944, na Unyamwezi ilikuwa moja ya sehemu zilizotegemewa sana. Baba mkubwa anasema walipandishwa treni hapa hapa stesheni ya Igalula. Walikokuwa wakielekea ni Tanga, na siku hizo reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijakutana; kiungo cha Ruvu hadi Mnyusi kilikuja 1963. Kwa hiyo safari ilikuwa treni, kisha lori, kisha miguu hadi kambini. Baba yake babu alikwenda pwani kwa miguu mwanzo mpaka mwisho, na mzigo begani. Reli ilifika Tabora 1912, upagazi ukafa, lakini kodi haikufa, na mtoto wa mpagazi akaifuata hela kulekule pwani kwa njia nyingine.

Kwenye pembe ya sanduku kuna sarafu ya shaba iliyofifia kwa kuchakaa, ya Mjerumani: heller 20, taji, herufi D.O.A., mwaka 1916, na T ndogo chini. Imetobolewa. T ni Tabora; Mjerumani alipozingirwa baharini alipiga fedha zake pale kwenye karakana. Watoto wa Shangazi waliifanya kishaufu.

6 Juni, Tabora

Parokia. Katibu ni kijana mwenye subira, ameniletea vitabu vya ubatizo vya miaka ya thelathini na kuniomba nisilambe kidole ninapofunua.

Nimempata babu: 1931, amebatizwa akiwa mtu mzima. Mstari mmoja wa Kilatini kwenye ukurasa mpana: namba, tarehe, jina jipya, umri wa kukadiria, baba, mama, mahali, msimamizi, sahihi ya padri. Mkono wa Padri Mweupe huyu ni mzuri, wino wake umekuwa wa rangi ya chai.

Ila uhondo uko pembeni. Sheria ya Kanisa inataka ndoa ya mtu iandikwe tena kwenye kitabu alichobatiziwa, popote alipooa. Kwa hiyo kwenye ukingo, kwa mkono mwingine na wino mwingine, kuna taarifa ya ndoa yake: 1947, na jina la parokia ya huko kwenye mashamba ya mkonge. Bibi, ambaye siku zote tumeambiwa alichumbiwa huko Goweko kwa ng'ombe, aliolewa kambini. Kadi ya mkonge na ukingo wa kitabu vinakubaliana, na wala havijuani.

Kwenye safu ya mama wa babu pana jina moja tu, na baada yake neno: Manyema.

Nimelisoma, nikalinakili, nikamshukuru katibu. Njiani kwenda stendi nimekuwa nikimsikia Baba mkubwa: sisi ni watu wa ikulu, ukoo wa wanangwa, mama zetu wote wa hapa.

10 Juni, Tabora

Nyumbani kwa Mwalimu, mstaafu, rafiki wa marehemu baba. Baba yake naye alikuwa mwalimu na alikusanya magazeti. Yako kwenye kabati la mninga, yamefungwa kwa kamba za katani, na ndani ametia majani makavu ya mwarobaini dhidi ya wadudu.

Mengi ni Mambo Leo, la Idara ya Elimu, lililoanza Januari 1923 na kutoka kila mwezi. Humo Shaaban Robert alichapisha mashairi kabla dunia haijamjua. Watu wa kila wilaya waliandika: mvua imenyesha, mwalimu amehamishwa, shule imefunguliwa, fulani amefariki. Nimekaa na rundo hilo mpaka jua kuzama na nimeona kitu ambacho wanaosifia magazeti ya zamani hawakisemi sana. Wanaotajwa ni walewale wanaoandika. Mwalimu anamtaja karani, karani anamtaja mhubiri, mhubiri anamtaja mwalimu. Mpagazi, mkata mkonge, mwanamke anayetwanga, hao hawamo ila kwa wingi wao: "vibarua", "watu wa bara", "akina mama". Mwenye babu aliyekuwa na kalamu aanze na gazeti. Sisi wengine tuanze na mtu aliyekuwa akitudai.

Halafu kuna mtego wa Kiongozi. Lipo Kiongozi la shule ya serikali ya Mjerumani huko Tanga, 1904 hadi 1916, na lipo Kiongozi la Wakatoliki lililoanza hapa hapa Tabora 1950. Nimeshawahi kusoma makala ya mtu mzima mwenye shahada zake akilinukuu la pili kana kwamba ni mwendelezo wa la kwanza. Hayana undugu.

Sasa cha leo. Baba yake Mwalimu alikuwa akiazimisha magazeti na alikuwa bahili. Kila nakala iliyotoka aliiandika kwa penseli, kwenye jalada la nakala iliyofuata: nani kachukua, lini, karudisha au la. Na kwenye jalada moja la mwaka 1952 pana jina la babu, kwa L, na maneno: "Hajarudisha."

Babu, ambaye kwa stakabadhi zote aliweka dole gumba. Ambaye Shangazi anaapa hakujua hata A. Mtu haazimi gazeti kwa mwenye wivu nalo namna hii ili afungie karanga. Alijua kusoma. Katekisimu ya 1931 lazima ndiyo iliyomfundisha, na kwenye dole gumba naona ujanja: asiyejua kusoma haitwi kuwa shahidi, haitwi kusaini kwa niaba ya wengine, wala haulizwi kwa nini hakulielewa tangazo.

Mwalimu amecheka mpaka miwani ikadondoka. Kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, basi mnadaiwa nakala yetu."

12 Juni, Kwihara

Nimekwenda kwa sababu bodaboda alikuwa anakwenda huko huko. Tembe la Livingstone, limejengwa upya, kuta nene, baridi safi ndani. Hapa alikaa mwaka 1872 baada ya Stanley kuondoka, akingoja wapagazi watumwe kutoka pwani.

Mwaka uliotangulia, kule Nyangwe, Umanyema, karatasi zilimwishia. Akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu la London, la 1869, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliokamua mwenyewe kwenye mimea. Wino ulififia ukawa hausomeki, mpaka karne hii wataalamu wakaupiga picha kwa miale mbalimbali ya mwanga na kuufufua. Kazi nzuri, sina kinyongo nayo, ingawa nikitazama stakabadhi za babu zinavyochanika kwenye mikunjo natamani mmoja wa wataalamu hao apite Igalula na mashine yake.

Watu waliobeba maiti yake hadi pwani walipewa medali na Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya Uingereza. Medali 60, na kila moja ina jina la mtu pembeni. Orodha kama hiyo ni dhahabu kwa wajukuu zao. Lakini njia ya misafara, Tura, Rubuga, Kigwa, ambayo Burton aliipita 1857 kabla ya kufika Tabora, ilikanyagwa kila kiangazi na maelfu ya Wanyamwezi ambao orodha zao zilikuwa za mizigo: pembe ngapi, nguo ngapi, waya kiasi gani. Kata ya Kigwa na kata ya Tura leo zimo jimbo letu la Igalula. Tunapita juu yao kwa pikipiki.

14 Juni, Tabora

Karatasi iliyokuwa imekunjwa nne ndani ya kitambaa cha kaniki. Shangazi aliniruhusu kutoka nayo kwa kiapo; yeye huiita hati ya shamba. Nimempelekea padri mzee aliyestaafu, anayesoma Kijerumani. Ameiweka juu ya meza, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.

Si hati ya shamba. Kichwa cha fomu kimechapwa: Freibrief. Ni hati ya uhuru. Mwaka 1907, muhuri wa serikali ya Tabora, tai wake amebaki bawa moja. Nafasi zimejazwa kwa mkono: jina la mwanamke, lile lile la kitabu cha parokia. Kabila: Manyema. Umri: kama miaka ishirini na mitano. Jina la aliyekuwa bwana wake. Sababu: amekombolewa kwa rupia 40. Aliyelipa: baba yake babu, ameandikwa kuwa ni mume.

Padri amenieleza taratibu, kama anayesomea wosia. Mjerumani hakufuta utumwa. Aliubana pembeni: waliozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 wahesabiwe huru, biashara ya kuuza watu ipigwe marufuku, na aliye mtumwa aweze kukombolewa au kujikomboa, apewe hati. Hati za namna hii zilitoka zaidi ya 50,000 katika koloni zima kabla ya vita vya kwanza, na Tabora, ambako misafara ilishusha watu kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kwa miongo, ilikuwa na watumwa wengi mno. Waliobaki waliachiliwa kwa sheria ya Mwingereza, 1922. Hiyo ni juzi. Bibi wa Mwalimu alikuwa ameshaolewa.

Rupia 40. Kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na watu waliikimbilia porini. Kwa hiyo huyu mpagazi alimkomboa mkewe kwa kiasi cha kodi ya miaka kumi na mitatu. Ni mizigo mingapi hiyo hadi pwani? Nimeacha kupiga hesabu. Nimefikiri kuhusu yeye pale mezani kwa mkuu wa wilaya, akizihesabu, na huyo bwana amesimama hapo akizitazama.

Na babu, aliyezaliwa baada ya hapo, alizaliwa huru kwa sheria mbili: ya tarehe, na ya zile rupia.

17 Juni, Igalula. Idd

Nyumba imejaa. Upande wa Shangazi Waislamu, upande wa Baba mkubwa Wakatoliki, pilau ni moja. Fundi wa kujengea makaburi amekuja kula na kuchukua vipimo kwa mpigo mmoja: sementi imeshanunuliwa kwa fedha ya tumbaku, anataka majina na miaka. Anatoza kwa herufi.

Nilisubiri wageni wapungue. Nikasoma kwa sauti, kwanza ndoa ya mkonge (kelele, vicheko, "kumbe ng'ombe wa Goweko ni wa hewani!"), kisha gazeti la kuazima, kisha hati.

Kimya. Baba mkubwa akaweka kikombe chini.

"Nani mwingine ameisoma?"

"Padri tu, Baba."

"Basi iishie hapo. Mimi hapa nimekaa baraza la kata. Watu wataniita nani kesho?"

Namwelewa. Tabora nzima ina adabu ya kutoulizana hilo. Watu wanajua nyumba ipi ilikuja na msafara na nyumba ipi iliukuta, na wanasalimiana vizuri, wanaoana, wanazikana. Siku ya ugomvi tu ndipo neno hutolewa. Lakini adabu hiyo imewafuta kina mama peke yao. Mabwana wana majina hadi leo, mitaa na visima vimeitwa kwa majina yao.

Shangazi alikuwa hajasema. Akaniuliza: "Rupia arobaini, alilipa babu yetu mwenyewe? Hakukopeshwa?"

"Imeandikwa amelipa."

"Basi mbona mnanuna? Mimi mahari yangu haikufika hapo." Vicheko vikarudi, isipokuwa kwa Baba mkubwa. Akaendelea, sasa anamtazama kaka yake: "Wewe unasema watu wa ikulu. Hao wa ikulu walimnunulia nani uhuru?"

Baba mkubwa alitoka kwenda kuangalia mbuzi, ambao walikuwa salama kabisa.

18 Juni

Nimebandua gazeti la chini ya sanduku kwa mvuke wa birika, Shangazi akilalamika kuhusu kuni. Ni Mambo Leo. Mwaka ni 1952. Kona ya juu kuna penseli, mkono ule ule wa baba yake Mwalimu.

Nimempigia Mwalimu. Ametaka kujua kama kurasa zote zipo. Hazipo. Ametaka kujua tutalipaje.

20 Juni, mahame

Makaburi hayapo kijijini, yako mahameni, kilomita kadhaa ndani ya pori, maana mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilikusanya watu barabarani na kuwaacha wafu walipokuwa. Unayajua mahame kwa minyaa: ua uliopandwa kuzunguka boma umekuwa miti mirefu, unazunguka hewa. Ndani yake miembe miwili, mawe ya mafiga bado matatu matatu, na kipande cha mtungi ambacho Baba mkubwa alikigeuza kwa fimbo na kukirudisha kifudifudi.

Amekuja. Hakusema kama amebadili mawazo, alisema fundi hajui njia. Ametuonyesha: huyu babu, huyu bibi, huyu kaka yetu wa surua. Pembeni kidogo, nje ya mstari, tuta lenye mawe meupe. "Na huyo ni yeye. Tulikuwa tukija kufyeka, mama anasema mfyekeeni na bibi wa nje."

Wa nje. Hata hapa.

Fundi akauliza aandike nini. Baba mkubwa akasema jina. Shangazi akasema jina na 1907. Fundi akauliza 1907 ni kuzaliwa au kufa. Shangazi: "Ni 1907. Andika." Baba mkubwa akasema basi na kaburi la mumewe liandikwe hivyo hivyo, mwaka ule ule, ili anayesoma ajue ni jambo la watu wawili. Ndiyo hoja nzuri kuliko zote zilizotolewa wiki hii na imetoka kwake. Kuhusu neno Manyema wamebishana hadi gari lilipopiga honi, na halitaandikwa. Fundi ametoza herufi na tarakimu bei moja.

5 Julai, Dar es Salaam

Nyaraka za Taifa, Upanga. Nimevua begi, nimeacha kalamu ya wino, nimekaa na penseli. Majalada ya Mjerumani yaliyomo humu UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na ukiyafungua unakutana na risiti, barua za kulalamika, hesabu za posho. Mambo ya kina sisi. Nimeomba ya Tabora yanayogusa utumwa na hati za uhuru, miaka ya 1900 hadi 1912. Ninachokitaka ni jina la yule bwana likitokea tena, na wengine waliokombolewa kwake. Huenda mama yake babu hakuja Tabora peke yake, na huenda wajukuu wa mwenzake tunasimama nao foleni moja ya pembejeo pale chama cha msingi.

Nikiwa nasubiri majalada, ujumbe wa sauti kutoka kwa Baba mkubwa, upepo mwingi, ng'ombe nyuma. Makaburi yamekauka vizuri. Na kwa kuwa niko humo ndani, nimtafutie kesi ya ng'ombe saba wa babu yao upande wa mama, waliochukuliwa na baraza la mtemi kwa uonevu, yeye anaijua tangu utotoni, na jina la karani aliyeiandika nilichukue vilevile.

Nimemjibu kwamba mabaraza ya watemi yalikuwa na vitabu vyao, na vingi vilipitia mahakama za mwanzo. Aanze kuulizia huko huko, yuko karibu kuliko mimi. Ameniuliza nauli atatoa nani.